Kahawa kwenye jiko la pampu la zamani: uchungu na harufu ya mafuta vinatoka wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Babu ameniachia jiko lake la zamani la shaba, lile la pampu lenye tangi la mviringo na miguu mitatu, linalotumia mafuta ya taa. Nalibeba ninapokwenda kupiga kambi, na kazi yake kubwa ni kahawa ya asubuhi. Naweka maji kwenye sufuria, yakichemka natia kahawa na kuiacha itokote dakika tano hivi. Kila mara inapanda povu na kuumwagikia moto. Nikiinywa ni chungu, tena ina harufu ya mafuta. Moto wenyewe mara nyingine huwa wa manjano. Safari ya mlimani niliogopa povu nikaitoa mapema, kahawa ikatoka nyepesi na yenye uchachu. Tatizo ni jiko au ni mimi? Ninunue moka, kile chombo cha Kiitaliano cha kupikia kahawa? Na jiko nilitunzeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba tatizo linaonekana ndani ya maelezo yako. Kahawa yako haina kosa, na jiko la babu halina ubaya. Unalitaka jiko lipike kahawa, nalo liliundwa lichemshe maji. Liachie maji peke yake. Kahawa itie baada ya moto kuzimwa, iive pembeni kwa joto la maji yaliyokwisha kuchemka. Ukifanya hivyo uchungu utaondoka, povu halitaufikia moto, na sehemu kubwa ya harufu itakwisha. Hilo ndilo jibu, lakini ukijua sababu zake utaweza kuamua mwenyewe hata ukiwa na jiko jingine au chombo kingine.

Jiko la aina hii lilitengenezwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1892, na Frans Wilhelm Lindqvist, nalo likaitwa Primus. Majiko ya mafuta ya taa ya kabla yake yalitegemea utambi, na utambi huleta masizi. Lindqvist aliuondoa kabisa. Upepo unaoupiga kwa pampu huyasukuma mafuta yapande kwenye bomba hadi kichwani, sehemu ya juu panapowaka moto, ambako joto la kichwa chenyewe huyageuza kuwa mvuke. Mvuke huo hutoka kwa kasi kwenye kitundu kisichofika nusu milimita, huchanganyika na hewa, na kuwaka buluu bila masizi. Msafiri Mnorwe Fridtjof Nansen alilibeba kwenye barafu ya kaskazini katika miaka ya 1890, na Mnorwe mwenzake Roald Amundsen alikuwa nalo katika safari yake ya Ncha ya Kusini mwaka 1911. Wasafiri hao walilitaka kwa jambo moja hasa: kuyeyusha theluji na kupata maji ya moto upesi kwa mafuta machache.

Angalia basi tabia inayotokana na ufundi huo. Kichwa lazima kiwe moto sana ndipo mafuta yawe mvuke, na kinachokipa joto hilo ni moto uleule kinaoutoa. Ukiupunguza moto kupita kiasi, kichwa kinapoa, mafuta yanaanza kutoka yakiwa bado majimaji au mvuke mzito, na moto unageuka manjano, unaruka na kutoa masizi. Kwa hiyo jiko hili hufanya kazi vizuri kati ya moto mkali na moto mkali zaidi. Moto wa chini wa kuchemsha taratibu, ule unaoupata kwa urahisi kwenye gesi, hapa ni wa kuubembeleza. Kahawa inayowekwa juu ya moto wa namna hiyo kwa dakika tano inachemka kwa nguvu muda wote, na kuchemka kwa nguvu ndiko kunakotoa uchungu na ukakasi kwenye unga huku kukiifukuza harufu nzuri pamoja na mvuke.

Povu nalo lina sababu yake. Kahawa iliyokaangwa hubaki na hewa ya kaboni dioksidi ndani yake, na kadiri ilivyokaangwa karibuni ndivyo inavyokuwa nayo nyingi. Unga ukikutana na maji ya moto hewa hiyo hutoka kwa pamoja, inauinua unga juu, na ukiwa bado juu ya jiko linalonguruma huna nafasi ya kuuwahi. Unamwagika na kuuzima moto. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nadhani hukuligundua: moto unapozimwa na povu, jiko halijazimika. Presha bado imo tangini na mvuke wa mafuta unaendelea kutoka kwenye kitundu bila kuwaka, ukipanda moja kwa moja kwenye sufuria yako. Sehemu kubwa ya harufu unayoisikia kwenye kikombe naamini inatoka hapo. Ikitokea tena, ondoa sufuria, fungua skrubu ya upepo, ile ndogo ya kutolea presha tangini, hadi presha yote iishe, ngoja mvuke utawanyike na kichwa kipoe, ndipo uanze upya. Usikimbilie kiberiti.

Kabla hatujarudi kwenye kahawa, nataka tulikague jiko, kwa sababu chombo cha umri huo hakiwashwi kwa imani tu. Majiko mengi ya mafuta ya taa ya aina hii hayana vali ya usalama, ile ya kutoa presha ikizidi. Kinachokulinda ni hali nzuri ya vipuri vyake na uangalifu wako.

Anza na pampu. Chomoa kijiti chake utaona mwishoni kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe. Ngozi ikikauka husinyaa, na pampu inakwenda bila kushika upepo. Ipanue taratibu kwa vidole, itie matone ya mafuta ya kulainishia, iache inywe, kisha irudishe. Ikiwa imepasuka, badilisha. Chini kabisa ya bomba la pampu kuna vali ndogo inayoruhusu upepo uingie tangini na kuyazuia mafuta yasirudi. Hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi kwenye jiko lililokaa miaka kabatini, maana ndani yake kuna kipande kidogo cha mpira au koki (ile ya vizibo vya chupa) ambacho hukakamaa. Dalili zake ni mbili: kijiti cha pampu kinajiinua chenyewe baada ya kupiga upepo, au unaona mafuta ndani ya bomba la pampu. Ukiona mojawapo, usiwashe hata kama jiko linaonekana zuri. Vali hiyo ikishindwa huku moto unawaka, mafuta yanaweza kurushwa nje kupitia pampu, na jiko likawa ndani ya moto wake lenyewe.

Halafu kagua washa za mpira, zile pete za kuzuia kuvuja, kwenye kifuniko cha tangi na kwenye skrubu ya upepo. Mpira mgumu unaopasuka ukiubonyeza kwa ukucha umekwisha kazi. Ukishabadilisha vinavyohitaji kubadilishwa, piga upepo kidogo tangi likiwa tupu, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio yote na uangalie mapovu. Angalia pia mwili wa tangi, hasa karibu na maungio na sehemu zilizokunjwa. Shaba ya zamani hupata nyufa nyembamba kama unywele, na tangi lenye ufa haliwashwi. Kwa sababu hiyohiyo usilisafishe kwa dawa yoyote yenye amonia, hata kama inang'arisha vizuri: amonia huishambulia shaba ya manjano pale ilipokazwa na kuipasua polepole. Maji ya vuguvugu, sabuni, limau kidogo na kitambaa vinatosha. Kama kisahani cha kuwashia, kile cha kutilia spiriti chini ya kichwa, kina pedi ya nyuzi za kijivu au nyeupe usiyoijua, usiikwangue wala kuipuliza, kwani katika baadhi ya majiko ya zamani nyuzi hizo ni asbesto. Iloweshe na kuitoa kwa uangalifu, au mpe fundi anayeyajua majiko hayo.

Kitundu cha kutokea mvuke huzibuliwa kwa ile sindano nyembamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa waya wowote unaoupata. Waya mnene hukipanua, na kitundu kilichopanuka hutoa mafuta mengi kuliko hewa inayoweza kuyachoma. Hilo peke yake linatosha kuleta moto wa manjano usiokwisha. Ukiwa umewahi kuzibua kwa sindano ya kushonea, badilisha kipuri hicho kwanza kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Na mafuta: jiko hili ni la mafuta ya taa, basi. Usiligeuze kuwa la petroli kwa kuwa umeishiwa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi; petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu. Tangi lililo chini ya moto, likipata joto, litaipandisha presha ya petroli kwa namna ambayo jiko hili halikuundwa kuihimili. Jaza robo tatu ya tangi, si zaidi, ili upepo upate nafasi, na usiongeze mafuta jiko likiwa bado moto.

Sasa kuwasha, ambako ndiko moto wako wa manjano unakoanzia. Wengi hupiga pampu kabla ya wakati. Fungua skrubu ya upepo kwanza, ili joto lisijenge presha tangini mapema. Jaza kisahani spiriti, washa, na kinga upepo. Spiriti itawaka kwa dakika mbili hivi, na kazi yake yote ni kukipasha joto kichwa. Kwenye baridi kali au upepo, kisahani kimoja cha spiriti huenda kisitoshe, basi subiri moto uzime kabisa, kipoe kidogo kisahani, na urudie. Kamwe usimimine spiriti juu ya mwali au kisahani kinachowaka, hata kama mwali wake huuoni mchana. Miali ya mwisho ya spiriti inapocheza, funga skrubu na piga pampu mara mbili au tatu. Mvuke ukiwaka buluu, ngoja nusu dakika, kisha ongeza upepo polepole mpaka jiko lingurume sawasawa. Ukiona manjano au matone, fungua skrubu mara moja, kiache kichwa kipoe, na uanze tena na spiriti. Watu hushawishika kuongeza pampu wakidhani moto umepungua nguvu, na huko ni kuyaongeza mafuta mabichi.

Hili lote linafanyika nje. Usiliwashe ndani ya hema, hata mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Moto wowote wa mafuta hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Kikinga upepo kiweke upande upepo unakotoka, usilizungushie jiko pande zote, kwa sababu joto litarudi kwenye tangi. Sufuria pana kuliko jiko mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Gusa tangi kila mara: likiwa vuguvugu ni sawa, likikataa mkono punguza upepo au zima.

Haya, kahawa. Ipime na uiweke tayari kabla hujagusa chupa ya mafuta. Unga wa kahawa hunywa harufu ya kila kilicho karibu nao, na vidole vilivyoshika mafuta ya taa vitaipeleka harufu kwenye kijiko, kwenye kifuniko na kwenye mdomo wa kikombe. Kwenye mizigo, kahawa ikae kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na mafuta, kwenye mfuko mwingine kabisa ikiwezekana. Ukiona kahawa inanuka hata siku ambayo moto ulikuwa safi na hakuna kilichomwagika, nenda uinuse ile iliyobaki kwenye chombo. Mara nyingi utapata jibu humo.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Kwa nusu lita ni gramu 30, ambazo ni kama vijiko sita vya mezani vilivyosawazishwa. Unga uwe mnene kiasi, chembe zake zionekane, karibu na sukari ya chembe kubwa. Unga laini kama poda katika sufuria hautulii chini, nao hutoa uchungu wake upesi. Kama unaweza kubeba kinu kidogo cha mkono, kibebe, na usage maji yanapochemka. Hakuna kitu kimoja kitakachobadilisha kikombe chako cha kambini zaidi ya hicho.

Maji yachemshe yakiwa yamefunikwa. Yakichemka kweli, zima jiko kwa kufungua skrubu ya upepo mpaka ngurumo iishe, na uinue sufuria uiweke chini kwenye kitu kikavu, mahali palipo mbali na jiko. Mimina kahawa yote, koroga mara chache unga wote ulowe, funika. Utasikia ushauri kwamba usubiri dakika moja au zaidi maji yapoe kabla ya kutia kahawa, kwa kuwa joto linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96. Jikoni, penye birika zito, huo ni ushauri mzuri. Nje asubuhi, kwenye sufuria nyembamba ya alumini, maji hupoteza joto kwa haraka sana, na unga wenyewe ulio baridi huyashusha zaidi. Tia kahawa mara tu kuchemka kunapotulia, kisha ikinge sufuria kwa taulo au sweta lako ili joto lisikimbie. Hakikisha tu kitambaa hakiko karibu na jiko, ambalo bado ni la moto.

Ngoja dakika nne. Baada ya hapo fungua uone: juu kumetanda tabaka la unga. Livunje kwa kijiko, koroga mara moja taratibu, na uache dakika mbili nyingine. Mashapo yatazama. Ukitaka yazame upesi, nyunyiza kijiko kimoja au viwili vya maji baridi juu. Ni njia ya zamani na inasaidia. Mimina polepole bila kuitikisa sufuria, na acha kidole kimoja cha kahawa kubaki chini, kwa maana ukikifuata hicho utakunywa unga. Anayependa kahawa angavu apitishe kwenye chujio la kitambaa au karatasi. Mimi naiona ile isiyochujwa ina mwili zaidi na inafaa baridi ya asubuhi, lakini hapo ni mapenzi ya mtu.

Ikitoka chungu, punguza muda au ongeza unene wa unga kabla ya kupunguza kiasi cha kahawa. Ikitoka chachu na nyepesi, fanya kinyume chake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichokusaidia.

Uchachu wako wa mlimani ulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kuitoa mapema, kama ulivyosema. La pili hukulitaja: kule juu maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Kila unapopanda mita 300 hivi, joto la kuchemkia hushuka takriban nyuzi moja. Kwenye mita 3,000 maji yanachemka karibu na nyuzi 90, na kwenye mita 4,000 yako kama nyuzi 86 au 87. Ukiyaona yanatokota usidhani yamefika pale yanapofika ukiwa karibu na usawa wa bahari, na kupiga pampu zaidi hakutayapandisha; kutaongeza mvuke tu. Huko tia kahawa papo hapo yanapochemka, tumia unga laini kidogo kuliko kawaida, ongeza kahawa kidogo, na iache dakika sita hadi nane ikiwa imefunikwa na kukingwa vizuri. Mlimani, kulikinga joto kuna faida kuliko moto mwingi.

Kuhusu moka, ni chombo kizuri, na nakiheshimu. Alfonso Bialetti alikitoa Italia mwaka 1933, na namna yake ya kazi haijabadilika: maji chini, kahawa katikati, mvuke unayasukuma maji yapite kwenye unga hadi juu. Lakini moka inataka moto wa taratibu, yaani kile hasa ambacho jiko lako halikipendi. Juu ya moto mkali maji hupanda kwa kishindo, kahawa inaungua, na mpini wa plastiki unayeyuka. Kwa hiyo ukiuliza kama moka itakuondolea tatizo lako, nitasema hapana, itakuletea la pili. Nunua ikiwa unaipenda kahawa nzito ya namna hiyo, na uwe tayari kujifunza kuutawala moto.

Namna ya kuutawala ni hii. Kwanza wacha jiko liwake kwa nguvu dakika tatu au nne, kichwa kijae joto. Kisha legeza skrubu ya upepo kidogo sana, usikie upepo ukitoka mara moja, na uifunge papo hapo. Moto utashuka. Rudia mpaka upate moto wa chini ambao bado ni wa buluu; ncha zikianza manjano umevuka mpaka, piga pampu mara moja au mbili uurudishe. Vichwa visivyonguruma, vile vyenye kofia ya matundu mengi, hushuka chini vizuri kuliko vile vinavyonguruma vyenye kisahani juu ya mwali. Tia maji yaliyokwisha pata moto kwenye moka badala ya baridi, yasiivuke vali yake, usiushindilie unga, na iondoe mara inapoanza kukoroma. Moka ndogo haitakaa sawa kwenye miguu ya jiko lako, basi weka bati la chuma juu yake kwanza. Bati hilo pia husambaza joto. Liwe dogo, lisizidi upana wa miguu, kwa sababu ile niliyoitaja ya joto kurudi kwenye tangi.

Kama kahawa unayoipenda ni ile ya unga laini kabisa inayopikwa kwenye mdila mdogo wenye mpini mrefu, hiyo nayo inawezekana, na kwa kweli naiona inafaa jiko hili kuliko moka. Unga, sukari na maji baridi vinatiwa pamoja, halafu mkono wako unakuwa ndio skrubu: mdila unaushika juu ya moto, unauinua unapoona kahawa inapanda upesi, unaushusha inapotulia. Lengo ni ufikie povu kwa dakika tatu au nne bila kuchemka hata mara moja. Povu likijikusanya na kuanza kupanda kutoka pembeni, ondoa.

Wapo wasomaji wenye majiko mengine ya zamani, na sheria ya maji kwanza inawafaa wote, ingawa kila jiko lina lake la kuangalia. Svea 123, jiko dogo la shaba lililotoka mwaka 1955, ni la petroli safi na kwa kawaida halina pampu. Joto lake lenyewe ndilo linalojenga presha, na kifuniko cha tangi kina vali ya usalama. Elekeza kifuniko hicho mbali na watu na usiweke bati juu ya jiko hilo kabisa. Jiko la spiriti la Trangia, ambalo seti yake yenye kikinga upepo ilitoka mwaka 1951, halina presha wala ngurumo, linachemsha polepole, na lina kizuizi cha kupunguza mwali. Huyo mwenye Trangia ndiye ninayemshauri anunue moka.

Umeuliza utunzaji mwishoni, nami nimekwisha kuugusa mwingi. Baada ya kahawa toa presha yote, ngoja jiko lipoe, na lisafirishe bila presha likiwa wima. Kwa safari za karibu karibu mafuta yanaweza kubaki tangini. Likikaa miezi, yamwage na ulipangushe, maana mafuta yaliyozeeka huacha utando unaonata ndani ya kichwa na kwenye kitundu, na utando huo huondoka kwa tabu. Skrubu na kifuniko viache vikiwa vimelegezwa kidogo ili washa zisikandamizwe muda wote. Beba sindano mbili za kuzibulia, washa za akiba na ngozi moja ya pampu. Vyote vinaingia kwenye kopo dogo. Ngozi iliyo kwenye pampu itie mafuta usiku wa kabla ya safari, ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa ngozi iliyokauka huchukua saa nyingi kulainika, nawe asubuhi ile utakuwa unataka kahawa.